Tranka Lililotekwa Msibani

Mwezi wa kwanza wazazi wa Kilosa tunasalimiana harakaharaka. Ukisimama sana utaombwa mkopo, au utajikuta wewe ndiye unayeomba. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko, na msimu huo nawajua wenzangu kuliko hata mchungaji wao anavyowajua. Baba anakuja na mtoto wa darasa la kwanza, ananiambia, "Fundi, kata ya kukulia." Nakata ya kukulia. Mtoto akivaa, vidole havionekani na shati limefika magotini. Baba anamgeuza mbele na nyuma, anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sawa. Hii itamfikisha darasa la nne." Mwingine ananiletea shati la kaka mtu nigeuze kola, ili upande uliochakaa ukae ndani. Jirani yangu yeye ana mbuzi anayeitwa Ada. Ada yenyewe ilishafutwa, lakini kila Januari Ada wa jirani anapelekwa mnadani, na akinunuliwa mwingine mdogo anarithi jina. Watoto wake wote wamesoma kwa njia hiyo.

Ada ilifutwa, ndiyo, ila godoro halikufutwa. Wala ndoo, wala fyekeo, wala mashuka, wala viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba. Hayo yote unayakuta kwenye maelekezo ya shule siku mtoto anapochaguliwa kwenda bweni, na siku hiyo ndiyo mzazi anaanza kuwakumbuka ndugu aliowasahau.

Kwetu hatukusubiri siku hiyo. Binti yetu wa mwisho alikuwa na kichwa chepesi darasani, na mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, alikwishaamua kwamba mjukuu wake atachaguliwa bweni. Majina yalikuwa bado miezi kadhaa yatoke. "Nunua tranka sasa," aliniambia. "Nyumba hii kisichofungiwa huliwa."

Nikalinunua kwa fundi bati, la bluu, lenye maua yaliyopakwa kwa mkono. Tukaliweka sebuleni. Kila mteja aliponilipa, nilinunua kitu kimoja na kukitumbukiza humo: mche wa sabuni, shuka, kilo ya sukari, dawa ya meno. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa kamba ya viatu. Mume wangu alinitania bila huruma. Akitaka kuoga alisimama mlangoni akasema, "Naomba kuonana na mweka hazina." Kuna wiki tulikunywa chai bila sukari huku kilo za sukari zimelala pale sebuleni, na tulikuwa tunaziona kwa macho ya moyo, lakini hakuna aliyethubutu kuniomba ufunguo.

Aliyelipenda tranka lile kuliko sisi wote ni mama mkwe. Jioni alilikalia, kisha akaligonga kwa kidole.

"Limeshiba?"

"Bado, mama."

"Liongezeeni. Bado linalia tupu."

Alizaliwa milimani, upande wa Berega, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Hapo baba yake akaona nne zinamtosha msichana. Wenzake wachache walikwenda bweni, na yeye akabaki kuwaona kwa nje ya uzio kila alipopita na mtungi wa maji. Kwa hiyo majina yalipotoka, na binti akawa amechaguliwa shule moja ya bweni mbele ya Mikumi, kwenye barabara ya Iringa, bibi alitangaza kwamba atamsindikiza yeye.

"Mama, safari ni ndefu," mume wangu alimwambia.

"Nitaketi. Kwani gari nalivuta mimi? Nataka nikaone bweni kwa ndani. Nikifika nitaketi kitandani kidogo, halafu turudi."

Binti akamwambia, "Utakalia kitanda changu, bibi." Wakapeana mikono kabisa, kama watu wanaouziana shamba.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mama mkwe alikunywa chai ya asubuhi, akasema anajinyoosha kidogo, na hakuamka. Niliumia. Watu wanafikiri mkwe na mama mkwe lazima wawe paka na panya. Mimi yule alikuwa mwenzangu, na kwa siku mbili sikuweza kulitazama lile tranka.

Nyumba ikajaa. Ndugu wakaja kutoka Masanze, Dumila, milimani kote. Watani nao wakaja. Ukoo wa mume wangu una watani wake tangu enzi za mababu, na kwenye msiba wao ndio wenye kazi: wanachimba kaburi, wanapika, na wanatuchekesha tukizidisha kilio. Mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu akaigiza mwendo wake. Anaweza kuchukua chochote ndani mwako, ukakikomboa baadaye. Na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika, kwa sababu ukikasirika unatozwa faini.

Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa rika langu, mama lishe wa Mikumi, anayewapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu. Aliingia na Canter iliyojaa kuni na vijana, na kabla hajashuka alishaanza. "Poleni sana! Mnalilia marehemu, au mnalilia ubwabwa umechelewa?"

Jioni ya siku tuliyozika, sukari ya msiba ikaisha. Rambirambi nayo ilikwishaingia kwenye mchele na mafuta, na akiba yetu yote ikaifuata hukohuko. Kaka mkubwa wa mume wangu akakohoa, akalitazama tranka.

"Shemeji, si nasikia humu kuna sukari kidogo?"

Shangazi akadakia kwamba na yeye mgongo unamuuma, na amepita chumbani akaona godoro jipya bado liko kwenye nailoni yake. Mwingine akauliza kama hakuna sabuni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, walikuwa wageni wetu, na kwenye msiba wa mama yao, mkwe hana mdomo wa kusema hapana. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameinamisha uso, anachora chini kwa kidole. Nilijua nikifungua mara moja sitafunga tena, na ndani ya siku hizo chache hatukuwa na pa kupata vingine. Mkono wangu ukaenda shingoni.

Hapo mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia mama mkwe.

Gauni lake la madoadoa, kilemba chake, fimbo yake, na ule mwendo wa kuegemea kushoto. Mtani alikwenda moja kwa moja hadi kwenye tranka, akalikalia, akaligonga kwa kidole.

"Limeshiba?"

Sebule nzima ilipasuka kwa kicheko. Mimi nilicheka na machozi yanatiririka, maana sauti ilikuwa yenyewe, mpaka kile kikohozi cha mwisho. Nilikuwa bado najifuta nilipomsikia anasema, "Ukoo huu ni bahili mpaka kwenye bati. Vijana, beba! Na godoro lake!" Vijana wakabeba. Tranka likapita mbele yangu, godoro likalifuata, vikapanda Canter. "Mkivitaka, njooni Mikumi na jogoo!" akapiga kelele, na gari likaondoka na vumbi lake.

Nilitaka kumkimbilia. Mume wangu akanishika mkono, akaninong'oneza, "Hasira hasara." Basi nikatabasamu, kwa meno tu. Shemeji alikunywa chai bila sukari usiku ule, na nakiri ilinipa faraja ndogo.

Wageni walipotawanyika, zilikuwa zimebaki siku chache. Mume wangu hakuweza kuondoka nyumbani, matanga yalikuwa hayajaanuliwa vizuri na watu bado walikuwa wanakuja kutoa pole. Akanikabidhi jogoo wetu wa pekee, akanipa na maonyo. Nikapanda basi la Mikumi na binti yangu, ameshika ndoo na fyekeo, sare nimemshonea mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nayapanga matusi na kuyapangua. Tulipokaribia, binti akaniuliza polepole, "Mama, na kama wameshavila?"

"Hawawezi," nikamjibu, nami sikuamini.

Mtani tulimkuta katikati ya moshi, malori yamepangana nje ya kibanda chake na madereva wamekaa mkao wa kula.

"Heee, mfiwa! Umeniletea mboga?" Akampokea jogoo, akampima uzito kwa mkono. "Kakonda kama ninyi. Haya, kwanza kazi."

Nikapewa kisu na lundo la ndizi za kumenya. Binti akapelekwa nyuma kuosha sahani pamoja na mtani mwenyewe. Nilimenya. Nilisikia wanazungumza huko nyuma, binti anasimulia ya bibi yake, mtani anauliza, wanacheka, halafu wananong'onezana. Nilimenya tena. Kila nilipofungua mdomo kuulizia tranka, nilisukumiwa mkungu mwingine. Mchana ukawa alasiri, na hapo maonyo yote ya mume wangu yakanitoka.

"Wewe mwanamke! Nipe tranka la mwanangu!"

Vijiko vilisimama. Dereva mmoja akaweka nyama yake chini ili asikie vizuri. Mtani akapiga makofi kwa furaha.

"Faini! Amekasirika, na mashahidi ninyi hapa. Jogoo peke yake hatoshi tena, na ndizi zilizobaki anamaliza zote."

Nikamaliza zote. Madereva walinisaidia kwa ushauri.

Ndipo akanishika mkono akaniingiza chumbani kwake. Tranka lilikuwa chini ya dirisha, limefunikwa kanga. Godoro lilikuwa juu ya kabati, nailoni yake haijatoboka hata mahali pamoja, ingawa kitandani kwake kulikuwa na godoro lililobonyea katikati kama sufuria. Nikavua ufunguo nikafungua. Sabuni, sukari, mashuka, kila kitu kilikuwa pale nilipokiweka.

"Nilikuona," mtani alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Mkono ulikuwa shingoni tayari. Angeanza yule na sukari, akaja wa sabuni, akaja wa mashuka. Mtoto angekwenda shule na kufuli. Ungewanyima?"

"Nisingeweza."

"Na mumeo?"

"Naye asingeweza."

"Ndiyo maana kuna watani."

Nikafungua mdomo. Akaniwahi. "Ukinishukuru, faini nyingine. Halafu kumbuka, shule si iko mbele huko? Nimekubebea mzigo nusu ya safari bila nauli, wewe unakuja kunitukana mbele ya wateja wangu."

Tulilala kwake. Tulimla jogoo, na alikuwa mgumu kweli.

Asubuhi alikwishaongea na dereva mmoja wa Canter aliyekuwa anaelekea upande wa Iringa. Tranka likapanda, godoro likapanda, ndoo, fyekeo, binti, mimi. Tulikuwa tunamsubiri dereva awashe gari, nikamwona mtani anatoka ndani. Alikuwa amevaa lile gauni la madoadoa. Kilemba, fimbo, na mwendo wa kushoto.

"Nisaidieni kupanda," akasema kwa sauti ya mama mkwe. "Kwani gari nalivuta mimi?"

Nikageuka kumtazama binti yangu. Hakushangaa. Alikuwa amekwisha kumwachia nafasi karibu na dirisha.

Getini kulikuwa na mwalimu kijana anayepokea wanafunzi. Alimwona bibi kizee anashushwa kwa taabu, akaacha karatasi zake akaja kumshika mkono. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta mjukuu wangu."

Mtani yule ananizidi mimi mwaka mmoja au miwili, na yule kijana alimwongoza jiwe kwa jiwe mpaka mlangoni. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Matroni alituruhusu kuingia bwenini. Vitanda vya chuma vya ghorofa, madirisha mapana, harufu ya sakafu iliyopigwa deki. Mtani alisimama mlangoni akatazama ndani muda mrefu, kisha akatembea katikati ya vitanda, anavigusa kimoja kimoja kwa fimbo. Binti yangu alitandika godoro, akavuta shuka, akalilainisha kwa viganja vyote viwili.

"Karibu, bibi."

Akaketi kitandani. Mimi nililia pale, sikujificha, na wazazi wengine walidhani nalilia kuachana na mtoto. Mtani akainama, akaligonga tranka kwa kidole.

"Limeshiba?"

"Limeshiba, bibi," binti yangu akamjibu.

Akaketi kidogo tena. Halafu akanyoosha mkono nimwinue.

"Basi, turudi."