Kiondo Hakirudi Kitupu

Kama unataka kucheka, cheka sasa, umalize, ndipo nikusimulie. Maana mambo haya yalinikuta mimi mwenyewe, kumekucha, akili zangu timamu, na pombe sijawahi hata kuionja. Mungu ninayemwabudu ni shahidi.

Mimi kwetu ni Kyela, Tanzania, kwenye joto na mpunga. Nilikuja huku Kianjokoma, Embu, nikiwa binti mdogo tu, kufundisha chekechea ya kanisa. Mchungaji wetu wa nyumbani ndiye aliyeniombea nafasi. Nilijua nakuja kwa ndugu katika Kristo, ila sikujua nakuja kwenye baridi ya namna ile. Ukungu wa mlima unakufuata mpaka ndani ya shuka! Na upweke je? Hakuna aliyenichukia. Kanisani walinipa mkono, wakanisifu kwamba Kiswahili changu ni kama cha redio, kisha wakageukiana na kuendelea na Kiembu chao. Siku moja nilimwamkia mzee shikamoo, akanijibu, "Mzuri sana." Nikarudi chumbani kwangu nikalia.

Basi ulipofika msimu wa mvua kubwa nikaamua, narudi kwetu. Sikumuaga mtu, hata Mama Wawira, mwenye nyumba niliyopanga. Kulipopambazuka nikabeba begi langu, nikashika njia ya mkato inayoshuka mtoni, penye daraja la magogo, ili nipande ng'ambo ya pili kwenda kutafuta gari.

Karibu na daraja, ndani ya ukungu, nikamwona bibi kizee amesimama katikati ya njia. Kiondo kiko mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, kama wanawake wa huku wanavyobeba mzigo. Hana viatu. Nikamwamkia, nikataka kupita. Hakunipisha.

"Unaenda na tumbo tupu?" akauliza. "Hapana. Hiyo haiko."

"Bibi, nachelewa gari."

"Gari ni ya watu wameshiba. Kaa chini, mwari wakwa." Yaani, binti yangu.

Ndugu yangu, hapo nywele zikanisimama. Mimi matope yalikuwa yamenifika vifundoni, lakini miguu yake ilikuwa mikavu kabisa. Ungefanya nini wewe? Mimi nilimkemea kwa jina la Yesu, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Naye akaitikia, "Amina," taratibu, akatoa kibuyu kiondoni akanimiminia uji.

Niamini, niliunywa. Sijui kwa nini. Ulikuwa uji wa wimbi, yaani ulezi, uliochacha kidogo, wa moto, na pale njiani hapakuwa na jiko wala moshi. Nilipokuwa namalizia, nikasikia kishindo mtoni. Maji mekundu yalikuwa yamelizoa daraja lote, magogo yanakwenda kama vijiti vya kiberiti. Ningekuwa pale juu! Nikageuka kumtazama bibi. Hayupo. Kiondo kimebaki kwenye nyasi, kando ya begi langu.

Nikarudi mbio kwa Mama Wawira, nikamweleza yote, nikimwonyesha kiondo. Alikishika, akapapasa mkanda mahali palipotiwa kiraka cha uzi wa bluu, kisha akakaa kizingitini.

"Hii uzi nilishona mimi, nikiwa msichana," akasema. "Ni kiondo ya mama yangu, Igoki. Alikuwa anangojea watoto wa shule hapo kwa daraja na uji, ati wasivuke na njaa. Tulimzika kitambo. Hii kiondo ilipotea wakati wa matanga, na hatukuiona tena."

Nikamwambia sikitaki, nitakirudisha pale pale mtoni sasa hivi.

"Kitupu?" Alishtuka kuliko alivyoshtushwa na habari ya marehemu. "Weee! Kiondo ya mtu hairudi bila kitu. Hata kama ni chumvi kidogo, unaweka."

"Lakini Mama, sisi tumeokoka."

"Tumeokoka, na hatulishi makaburi," akasema. "Lakini kiondo ni kiondo."

Nilikuwa na mchele wa kwetu alionifungia mama yangu, niliouhifadhi kwa ajili ya Krismasi. Nikautia wote. Tukakitundika kwenye mti pale daraja lilipokuwa, Mama Wawira akaomba kwa Kiembu, maombi marefu, na humo ndani nikasikia jina langu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia katika lugha yao. Nikalia tena, lakini si kilio kile cha mwanzo.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nafungua mlango, kiondo kipo mlangoni, kikavu, kimejaa nduma, yale magimbi ya huku, bado yana udongo mbichi. Nikadhani Mama Wawira ananitania. Alipokuja akaona, kikombe cha chai kikamponyoka.

"Hizi ni za shamba ya mama, huko chini kwa mto," akanong'ona. "Hakuna mtu amepanda kitu hapo tangu tumzike."

Je, alikuwa malaika? Alikuwa mzimu? Nilimuuliza mchungaji, akasema Mungu ana watumishi wengi na yeye hakutambulishwa kwa wote. Mimi namshukuru Mungu, basi. Nduma zile tulizichemsha tukaita majirani. Habari ikaenea, wanawake wakaanza kuja chumbani kwangu, kila mmoja na kiondo chake, na kila mmoja nikamtilia kitu cha kurudi nacho. Siku hizi najua Kiembu cha kutosha kugombezwa nacho, na raha yake siwezi kukueleza.

Kiondo cha Igoki sasa nakipeleka kwa kila mgeni anayeanza maisha huku. Kimefika mpaka Makutano, Meru, kwa kijana Mrundi aliyekuja kupiga kinanda kanisani. Kikarudi na maharagwe meusi. Na kikirudi na kitu, zamu ya kukijaza inakuwa yangu tena.

Kwa hiyo nakuonya mapema. Ukija huku, na moyoni umeshaamua kuondoka, ukikutana na bibi mwenye miguu mikavu, usiguse uji wake. Mimi niliunywa. Hivi ninavyosema nawe, kiondo kinaning'inia nyuma ya mlango wangu, kimejaa. Nitaondokaje?