Kitalu cha Bila Dawa

Nilipopangiwa kufundisha baiolojia katika sekondari moja pale Mollo, karibu na Sumbawanga, nilifika nikiwa nimekamilika. Nilikuwa na shahada, masweta mawili kutoka kwetu Mbeya, na imani kwamba Wafipa walikuwa wananisubiri mimi ndipo waanze kulima vizuri. Kwamba walikuwa wakila ugali wa ulezi wao kabla sijazaliwa ni jambo dogo ambalo halikunijia akilini. Mwaka ule ule wa kwanza nilisimama kwenye kikao cha wazazi nikawahutubia juu ya ubaya wa dawa za kienyeji ambazo hazijapimwa. Walinipigia makofi, nami nikaketi nimeridhika.

Mwaka wa pili, bibi mmoja mjane aliyepakana na uwanja wa shule alikuja kulalamika. Msimu uliopita alimwaga ulezi, sisimizi wakaubeba punje kwa punje kabla haujaota, wakamwachia shamba jeupe. Mbegu aliyobaki nayo ilikuwa kibuyu kimoja tu, ulezi wa mama yake, ambao sokoni Sumbawanga hauuzwi. Nikamwambia kwa sauti yangu ya semina kwamba asijali, klabu yangu ya sayansi ingefanya utafiti wa mimea inayofukuza sisimizi, hapo hapo shambani kwake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Lakini mbegu hiyo ikiisha, sina nyingine mpaka naingia kaburini."

Nilidhani bibi anapenda kutia chumvi. Nikapokea kibuyu kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu.

Tukapima vitalu vinne, tukagawia mbegu ya kibuyu sawasawa. Cha kwanza kilikuwa cha pilipili kichaa, ambayo vijana waliitwanga kwenye kinu cha jikoni kwa wapishi bila kuomba ruhusa. Mchana ule shule nzima ilikula kisamvu huku inalia, na mimi nikaitwa ofisini kutoa maelezo ya kisayansi. Cha pili kilikuwa cha kitunguu saumu. Cha tatu kilikuwa cha mwarobaini, mti ambao huku kwenye baridi hausitawi, kwa hiyo mwanafunzi mmoja akamwagiza mjomba wake atuletee majani kutoka Kipili, kule ziwani kwenye joto. Mjomba, mtu makini, aliyafunga kwenye gunia lililotoka kubeba dagaa. Tuliyatandaza hivyo hivyo. Sisimizi ambao labda wangepita zao waliitana ukoo mzima, wakala harufu ya dagaa kwanza, kisha wakashushia na ulezi.

Kitalu cha nne hakikuwekwa kitu. Nilikuwa nimewafundisha kwamba jaribio lolote lazima liwe na sehemu ya kulinganishia, isiyoguswa. Tukasimika kibao, nami mwenyewe nikaandika kwa herufi kubwa: BILA DAWA.

Baada ya wiki mbili tulienda kuhesabu miche. Pilipili ilikuwa imeoshwa na mvua ya siku ya pili, na miche yake ungeweza kuijua kwa majina. Kitunguu saumu kilinukia vizuri, basi. Mwarobaini sitaki kuuzungumzia. Lakini kitalu cha bila dawa kilikuwa kimeota kijani kibichi, kimejaa mpaka pembeni, hakina pengo hata moja.

"Madam, hii kali," alisema binti aliyekuwa kiongozi wa klabu.

Mtu mwenye akili angejiuliza maswali. Mimi nilitafuta maelezo, na msomi hakosi maelezo. Nikawaambia huenda harufu ya dawa zetu iliwasukuma sisimizi kutoka kitalu hadi kitalu mpaka wakachanganyikiwa. Wakaandika yote kwenye bango la maonyesho ya sayansi mjini, kwa kalamu za rangi. Hitimisho lilisema kwamba njia bora ya kuzuia sisimizi ni kutofanya chochote. Nikalisahihisha nukta tu.

Siku moja kabla ya maonyesho nilipita kwa bibi kumshukuru.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, nikuulize. Watoto wako wanne, watatu umewapa dawa, mmoja umemnyima. Alikukosea nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya kulinganisha. Hakunisikiliza.

"Mimi nilisoma kibao, bila dawa, nikajua zimewaishia, kama zinavyoishaga zahanati. Nikakionea huruma. Nikakitwangia utupa nikachanganya na majivu, nikawa nanyunyiza kila asubuhi nikitoka misa."

Utupa ni kile kichaka kilichojaa kwenye mipaka ya mashamba, ambacho mimi nilikuwa nakianikia nguo. Nikamuuliza, tena kwa ukali kidogo, kama alikuwa anaijua dawa hiyo kwa nini msimu uliopita aliacha sisimizi wamalize shamba.

"Si wewe ulisema kwenye kikao tuziache? Hazijapimwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sisimizi walibeba ulezi wa mama yake kwa sababu yangu, na karibu robo tatu ya kibuyu kilichobaki nilikuwa nimewapelekea kwa mikono yangu, na dagaa juu yake. Niliomba radhi. Akanipa togwa, akasema nisiidondoshee machozi, ameshaichuja, hataki kuichuja tena.

Tulienda kwenye maonyesho na bango lile lile. Binti alikata hitimisho kwa mstari mwekundu, akaandika chini yake kilichotokea. Majaji walicheka sana, wakatupa cheti cha kushiriki. Kitalu cha nne kilivunwa, kibuyu kikajaa tena mpaka mdomoni. Hapo ndipo nilipolala usingizi.

Msimu uliofuata nilirudi kwa bibi nikiwa mdogo zaidi. Nilitaka tuupime utupa sawasawa: kitalu kimoja utupa na majivu, kimoja majivu peke yake, kimoja bila kitu. Akakubali, kwa sharti moja.

"Hicho cha bila dawa, mwaga mbegu yako."

Nikanunua ulezi sokoni, nikaumwaga kwa mikono yangu. Asubuhi ya tatu nikawakuta sisimizi wamejipanga mstari, kila mmoja na punje yangu kichwani, hawana hata haraka. Niliwatazama. Nilijikumbusha habari ya kulinganisha. Kisha nikajikuta nimechuchumaa na kiganja cha majivu, nageuka huku na huku kuangalia kama wanafunzi wamefika.

Wanafunzi hawakuwepo. Aliyekuwepo ni bibi, nyuma ya kichaka cha utupa, anatoka misa.

"Mwalimu," akasema, "hebu soma kibao."