Viraka vya Upande wa Kushoto

Mke wangu alilala nje usiku mwingi kuliko aliolala ndani. Hema alilolalia nilimshonea mimi.

Mimi ni fundi wa maturubai. Nashona vifuniko vya malori, vivuli vya wauza mboga, mahema. Duka ni chumba kimoja, cherehani mlangoni, sakafu ya saruji. Chumba cha nyuma ndiko tunakolala. Ndiko ninakolala.

Yeye alianza kwa kubebea mizigo watu wanaopanda milima. Alikuwa mfupi, inchi sitini na mbili, na mzigo ulimzidi kimo. Siku ya kwanza walimcheka. Siku ya tatu waliomcheka walikuwa wamekaa juu ya mawe wanahema, yeye anawapelekea maji. Kutoka kubeba akapika, kutoka kupika akaongoza. Baadaye wakawa wanamwita kwenye nchi zao, maana huko nako kuna milima na majangwa, na walitaka mtu asiyechoka wala kupayuka. Mtaani wakampachika jina, Mama Buti. Hata sokoni alikwenda na mabuti yake.

Dada yangu hakuipenda kazi hiyo. Akija kututembelea anachungulia kitanda kisha ananiuliza, "Kaka, wewe umeoa au umeazima?"

"Nimeazima," namjibu. "Kesho kutwa narudisha."

Mke wangu, siku akiwepo, ndiye aliyecheka zaidi. "Muache, wifi. Mwenzio ana mke asiyemmalizia sukari."

Akirudi safari, kabla ya kuvua viatu ananitupia hema. "Haya, soma."

Mimi shule sikwenda. Kadi alizotuma kutoka huko nilisomewa na mwenye duka la vioo hapo jirani, tena kwa sauti, mtaa mzima ukasikia alivyonikumbuka. Herufi nimezijua uzeeni. Lakini hema sikuhitaji wa kunisomea. Nalitandaza sakafuni, napitisha kiganja. Hapa mvua ya mawe. Hapa mbwa, tena mdogo. Hapa uliwasha moto karibu, na nilikukataza. Hapa zipu iliganda kwa barafu ukaivuta kwa hasira. Yeye amekaa kwenye kigoda na chai yake, anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, hapana, huyo alikuwa mbuzi. Dunia niliijua hivyo. Sikufika popote.

Hema lake la mwisho lilidumu miaka tisa. Kumpima kulikuwa hivi: analala chali sakafuni, nami nazungusha chaki. Siku ile aliinuka, akajikung'uta vumbi, akasema, "Safari hii lipanue."

"Kwani umenenepa?"

"Sijanenepa. Lala na wewe nikuchore."

Nilikuwa na vifuniko vinne vya malori vinanisubiri. Nikamwambia hema pana ni zito, na upepo unalipenda. Nikamuuliza nani atabaki na mashine.

"Mashine haina miguu," akasema.

Nilicheka. Nikashona la mtu mmoja, jepesi, mshono mzuri ambao sijaurudia tena. Alilipokea kwa mikono miwili, akaondoka nalo.

Mwaka huu kifua kikambana. Wiki tano tu.

Siku ya mazishi alikuja Kinyonga kunipa pole. Huyo ni msichana aliyefundishwa kazi na mke wangu, na jina amelipata kwa mwendo wake wa mlimani. Aliniomba hema la mwalimu wake, aende nalo safari yake ya kwanza ya kuongoza. Nikamwambia chukua. Siku kama ile mtu anaitikia kila kitu. Tukaagana aje Ijumaa.

Alhamisi nikafungua sanduku la safari nimtolee na vigingi. Chini kabisa nikakuta magodoro mawili, yale membamba ya sponji ya kukunja. Moja limechakaa, limebonyea penye nyonga. La pili limo kwenye nailoni yake, halijafunguliwa. Nikadhani ni la mteja. Lakini mkono wangu umezoea, ukachukua futi ya kupimia. Inchi sabini na nne.

Mimi nina sabini na tatu.

Nilikaa pale sakafuni hadi miguu ikafa ganzi.

Ijumaa Kinyonga alipofika, nilikuwa nimelitandaza hema. Kulitoa sikutaka tena, na kusema sitaki nikashindwa. Nikatafuta kisingizio.

"Bado lina kazi," nikamwambia. "Tazama huku kushoto palivyolika. Viraka vinane, kimoja juu ya kingine. Kila mwaka namwambia asiupe upepo ubavu wa hema, ananiambia sawa, anarudi limelika palepale."

Kinyonga alichuchumaa, akavigusa viraka. "Upepo gani, baba?"

"Wa huko mnakokwenda."

"Si upepo. Mama alikuwa anabanana na ukuta huu. Tangu namjua. Asubuhi nikimpelekea uji namkuta amejibandika hapo kama stempu. Nikamuuliza mbona asisogee katikati, akasema huku kwingine kuna mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Alitazama miguu yangu, ilivyo mirefu. "Sisi tulidhani ni utani wake," akasema.

Miaka tisa nimevishona vile viraka. Mbwa nilimjua, barafu niliijua. Bega la mke wangu nikaliita upepo.

Nikamwambia, "Mwanangu, hili silitoi. Nilikupa neno langu, sasa nalichukua. Nisamehe."

"Hamna neno, baba."

"Safari yako lini?"

"Wiki mbili."

"Zinatosha. Lala hapo."

Akalala chali. Nikapiga magoti, chaki mkononi. "Wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Nimekuuliza wangapi watalala."

"Mmoja, baba."

Nikamzungushia chaki, kisha nikaongeza futi mbili upande wa kulia.

Aliinua kichwa kutazama mstari. "Litakuwa zito hilo."

"Litakuwa zito," nikasema.

Alipoondoka nilisimamisha lile la zamani palepale sakafuni. Saruji haishiki vigingi, nikabana pembe kwa pasi, mkasi mkubwa na matofali mawili. Nikalitoa godoro refu kwenye nailoni. Lilikuwa bado linanuka upya wa dukani. Nikaliingiza, nikajilaza upande wa kulia, kwa ubavu, uso kwenye viraka. Kwa upana nilitosha. Ilibaki nafasi hata ya mtu mfupi, mkibanana. Miguu ndiyo ilibaki nje ya mlango wa hema.

Mwenye duka la vioo hakusikia mashine, akaja kuchungulia.

"Fundi, hiyo miguu ni yako?"

"Ni yangu."

"Unafanya nini humo?"

"Napima."

Alisubiri nitoke. Sikutoka. Baadaye nikasikia akinivutia mlango wa duka, taratibu, kama anayemfungia mtu aliyesafiri.