Mguu Ndani ya Simu Yangu

Sisi akina mama wa safu ya maziwa hapa Garissa tuko kumi na mmoja, na maziwa yetu hayachanganyiki. Madumu yanatoka porini kwa wachungaji kila asubuhi, yamefungwa pamoja juu ya gari, yote ya manjano, yote sawasawa. Lakini kila dumu lina kitambaa shingoni. Changu ni chekundu chenye mafundo mawili. Cha jirani yangu ni kijani. Hata kipofu angepapasa mafundo akajua dumu ni la nani. Ukibeba la mwenzako hutaambiwa umekosea, utaitwa mwizi.

Nasema haya ujue kwamba hatukuwa wajinga wa mali. Kwenye simu ndipo tulipokuwa wajinga.

Simu za kugusa tulizinunua siku moja, duka moja, kwa kijana aliyetupunguzia bei kwa sababu tulikwenda wengi. Tulizitaka ili wachungaji watutumie sauti na kutuambia gari limekwama wapi. Kijana akauliza, "Hooyo, una email?" Hooyo ni mama kwa Kisomali, na akitaka kukuuzia kitu kila mtu ni hooyo.

"Email ni nini? Wewe weka simu ifanye kazi."

"Bila email haitafanya kazi vizuri."

"Basi tafuta moja uweke. Maziwa yanachacha."

Akatafuta moja kweli. Akatengeneza akaunti moja na neno la siri moja, akaziwekea simu zote kumi na moja. "Ninyi ni kama familia," alisema. Tukamwombea dua. Aliyemharakisha ni mimi, na hilo naliandika mapema kabla sijamlaumu mtu.

Baada ya wiki chache simu yangu ilianza kuwa na watu nisiowajua. Nilitafuta namba ya mchungaji wangu nikamkuta fundi wa choo, daktari wa masikio, na mtu aliyeandikwa "Usimpokee". Nilidhani simu huja hivyo, kama sufuria mpya inavyokuja na karatasi imebandikwa ndani.

Halafu ukaja mguu. Nilifungua picha asubuhi nikaukuta. Mguu wa mtu, kidole gumba kimevimba, na chini yake kidonda kimefunguka kama mdomo. Siku mbili niliutazama peke yangu. Siku ya tatu niliupitisha kwenye safu nzima. "Njooni muone simu za siku hizi zinavyokuja!"

"Auzubillahi," alisema mmoja. "Huo mguu wa maiti."

"Maiti gani? Huyo ni ngamia amekanyaga mwiba."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuwashinda. Jirani yangu wa kitambaa cha kijani alikuwa anapima maziwa na hakuinua uso. Sikushangaa. Hatukuwa tunapatana. Niliwahi kusema mbele ya wateja kwamba maziwa yake yana maji.

Wakati huo nilikuwa na arusi mkononi. Mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea tangu anatambaa, na sasa alikuwa anaolewa Elwak, mbali na mimi. Alhamisi alasiri alipakwa hina chumbani kwangu. Wanaume walikuwa wametolewa nyumbani, mlango umefungwa, na sisi wanawake tumevua shela zetu. Mtoto alifungua nywele. Zilimfika kiunoni. Sijui alizirithi wapi, maana si kwangu.

"Ayeeyo," aliniambia, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "nipige picha moja. Ni yako tu, ya kunitazama nikishaenda. Lakini isitoke hapa."

"Itoke iende wapi?" nikamjibu. Nikapiga.

Jumamosi asubuhi, kabla sijaenda sokoni, jirani yangu alikuja nyumbani kwangu. Miaka yote tumekaa bega kwa bega sokoni na hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Alikuja akichechemea. Alikataa chai. Akatoa chini ya shela kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani, kile kile cha dumu lake, akafungua fundo. Ilikuwa simu.

"Abaayo," alisema, dada yangu, na hakuwahi kuniita hivyo. "Mtoto wako amekuja kwangu."

Nikatazama. Alikuwa mjukuu wangu, na hina mkononi, na nywele zote.

Damu ilinipanda. "Umeitoa wapi hii?"

"Nimeamka nayo tu. Kama wewe ulivyoamka na..."

"Nilivyoamka na nini?"

"Acha. Uliza la maana."

"Nani ameiona?"

"Mimi na Mungu. Wanangu huichukua simu hii kutazama mpira. Tangu jana asubuhi nimewaambia imekufa. Nimelala nayo chini ya mto."

Hakuwa na sababu hata moja ya kunihurumia. Angeweza kuiacha hiyo simu mezani akaenda zake, na kabla ya adhuhuri vijana wa mtaa mzima wangekuwa wanajua bibi arusi wangu ana nywele za namna gani. Na maneno yanafika Elwak upesi kuliko basi.

Nilimwita mjukuu. Alitazama, akakaa chini. Amesoma huyu, hakupiga kelele. Akachukua simu yangu na ya jirani, akazipekua zote mbili.

"Ayeeyo, hizi ni akaunti moja."

"Maana yake nini?"

"Maana yake madumu yote kumi na moja mmeyafunga kitambaa chekundu. Picha ikipigwa kwenye simu moja inapanda kwenye akaunti, na akaunti inaigawa kwa kila simu. Mimi niko kwenye simu kumi na moja sasa hivi."

"Ni safu yetu tu, mama. Ni wanawake wenzetu," alisema jirani, akimtuliza.

"Wanawake wana watoto wa kiume, eeddo," akamjibu, akimwita shangazi. "Na kama ningetaka wanione, ningewaita. Niliita watu tisa. Niliwahesabu." Hapo akaanza kulia.

Nilikuwa naogopa maneno ya watu wa Elwak. Yeye alichokilia kilikuwa kingine. Mlango ulifungwa, na mlango huo ni mimi niliyeufungua.

"Futa," nikasema.

Akafuta. Alisema ikifutwa kwenye akaunti inafutika kote ilikokwenda, isipokuwa kama mtu ameshaichukua akaiweka kando. Kisha akasema kuna jaa la takataka humo ndani, kitu kilichofutwa hukaa hapo kwanza, na lazima nalo limwagwe. Akalimwaga. Alipokuwa anarudi nyuma kwenye picha nyingine, kidole chake kikasimama.

"Na hii ni ya nani?"

Ule mguu. Nilifungua mdomo kusema simu ilikuja nayo. Halafu nikatazama sakafuni. Jirani yangu alikuwa amevaa kandambili moja ya kawaida na moja ya kiume, kubwa, na ndani yake soksi. Alikuwa anauvuta mguu huo chini ya dera.

Nikafunga mdomo wangu, na ungekuwa umefungwa mapema ingekuwa heri.

Tulikusanya akina mama wote tukaenda dukani. Njiani mjukuu wangu aliuliza mmoja mmoja, kwa adabu, nani ameona picha ya juzi. Wengi hawakujua hata picha hufunguliwa wapi. Mmoja alisema, "Yule msichana mrembo? Wallahi nilidhani ni tangazo la shampuu!" Mtoto akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Na mama huyo simu yake haishikwi na mtu, anaishi peke yake na paka.

Kijana wa duka alijitetea. "Hooyo, si ninyi mlisema niharakishe?"

"Nilisema. Mimi wateja huniambia niharakishe kila siku, na siwapi maziwa ya jana. Hili neno la siri, wewe pia unalo?"

Akakuna shingo. "Niliandika kwenye daftari. Mkisahau..."

"Lete."

Akaleta. Nikachana ukurasa nikautia kifuani. Mjukuu wangu akabadilisha neno la siri kwanza, akazitoa simu zote kwenye ile akaunti, kisha akaanza kumtengenezea kila mama ya kwake. Ilipofika kuchagua neno, nikamwambia kijana atoke nje.

"Hooyo, hili ni duka langu!"

"Toka, baba. Hata wewe ukioga unafunga mlango."

Alitoka akasimama juani. Mjukuu alimwuliza kila mama, "Unataka picha zako zipande kwenye akaunti au zibaki kwenye simu tu?" Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Mmoja alitaka zipande, kwa sababu simu yake ya zamani ilizama mtoni Tana na picha za mumewe. Wengine tulitaka zibaki. Neno langu la siri nililichagua mwenyewe, na nililiandika mwenyewe kwa herufi nilizojifunza ukubwani, polepole. Halimo kwenye maandishi haya, usilitafute.

Tulirudi sokoni, mimi na jirani nyuma ya wengine, kwa sababu ya mguu wake.

"Ule mguu," nikaanza.

"Najua. Nilikuwa nimekaa pale pale ukiupitisha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba maiti ni mimi?" Alitembea hatua kadhaa. "Ni sukari. Nilimpigia picha binti yangu aliyeko Nairobi amwonyeshe daktari. Wanangu hapa hawajui. Sikutaka wajue kwa kicheko."

Nimezeeka nikiwafundisha wengine maana ya haya na stara. Siku hiyo sikuwa na la kufundisha. "Nisamehe, abaayo," nikasema.

"Nimekusamehe mguu. Bado maji."

"Maji gani?"

"Uliyosema yamo kwenye maziwa yangu."

"Hayo nitafikiria."

Akanipiga bega kwa nguvu. Jumatatu yake nilisema mbele ya wateja kwamba maziwa yake hayana maji na hayajawahi kuwa na maji. Nilisema kwa sauti ile ile niliyoyasemea yale ya kwanza.

Siku ya arusi, alasiri ya wanawake ya kucheza na kuimba buraanbur, niliweka beseni mlangoni. Kila aliyeingia alitia simu yake humo, mimi wa kwanza. Jirani yangu hakuweza kucheza, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda kando ya beseni, mguu juu ya mto, umefungwa bendeji nyeupe, hauko tena chini ya dera. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Nairobi, na wanawe wanajua. Aliwaambia kwa kinywa chake. Juu ya simu alitandaza kile kitambaa cha kijani.

Mgeni mmoja wa upande wa bwana arusi alimwinamia. "Abaayo, niachie yangu dakika moja. Picha moja tu, bibi arusi amependeza mno."

"Amependeza," alisema jirani yangu, na mkono hakuuondoa. "Nenda kamwulize mwenye nywele."

Mgeni akaenda. Nilimwona mjukuu wangu akimsikiliza, akatabasamu, akatikisa kichwa kumkatalia, akamshika mkono wakaingia wote kucheza.