Siku Niliyokwenda Ukweni na Rimu Kubwa

Mpaka leo nikipita Iyula napandisha vioo vya gari, hata jua liwe kali namna gani, kwa sababu wapo akina mama pale gulioni ambao wakiniona tu wanaziba midomo kwa khanga, na siwalaumu, maana walichokiona siku ile hata mimi ningekiona kwa mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini. Aibu yenyewe nimeshaizoea, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kusimuliwa na shemeji zangu, ambao kila wakisimulia wanaongeza chumvi.

Mimi nauza vitenge Tunduma, na nina kigari kidogo, aina ya vile ambavyo vijana wanaviita bebiwoka. Kilikuja na magurudumu madogo, rimu za chuma za inchi kumi na tatu na matairi manene yaliyovimba kama maandazi, na kwa kweli hakikuwahi kunisumbua, ila nilikuwa nakionea haya. Ukiegesha Tunduma katikati ya yale malori marefu yanayosubiri kuvuka mpaka, kigari chenyewe kinaonekana kama kitu kilichoanguka kutoka kwenye mojawapo. Basi kuna jamaa anauza rimu za mtumba si mbali na duka langu, na alikuwa ametundika ukutani seti ya inchi kumi na sita, zinang'aa, na matairi yake membamba yale yanayokaa kama utepe umezungushwa kwenye rimu. Kila asubuhi nikipita pale nasimama. (Mke wangu anasema nilikuwa naziangalia kwa upole ambao yeye hajauona tangu uchumba.)

Sasa, mama mkwe wangu. Lazima nimweleze kwanza, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya tairi tu. Ni mjane, analima kahawa yake ndani kidogo ya Iyula, amelea watoto wote mwenyewe mpaka wamesimama, na sauti yake haijawahi kupanda hata siku moja niliyokuwa mimi pale. Kanisani kwao ameimbisha kwaya tangu mke wangu akiwa mdogo. Mwaka huo wazee wa kanisa walikaa wakamchagua awe mzee kiongozi, mwanamke wa kwanza kukalia nafasi hiyo pale, na haikuwa rahisi, wapo wanaume waliopinga na mmoja wao alihama kabisa usharika. Jumapili ya kumsimika mchungaji mkuu angekuja mwenyewe, na kwa sababu mama goti lilikuwa linamsumbua, na kutoka nyumbani kwake mpaka kanisani ni mwendo, iliamuliwa kwamba mkwe wa Tunduma mwenye gari ndiye atakayempeleka.

Niliposikia hivyo akili yangu ikakimbilia moja kwa moja kwenye ule ukuta wa rimu. Nilijiona naingia uwanja wa kanisa polepole, kioo kimeshushwa nusu, watu wanageuka. Mke wangu, mama Neema, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza zile za zamani zina kosa gani. Nikamwambia hazina kosa ila hazina heshima. Akasema barabara ya kwenda kwa mama ina makorongo, tairi nene linameza shimo, hilo jembamba litaligonga. Nikamjibu kwamba yeye anajua upishi (jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kumpa), na Jumamosi nikaenda nikafunga zile kubwa. Mwenye duka naye aliniuliza kama huwa nabeba watu wengi, maana gari likishuka tairi litagusa madigadi, lile bati la juu yake. Nikasema sibebi. Kwa siku hiyo ilikuwa kweli.

Jumapili asubuhi lami ya kutoka Tunduma ilitupokea vizuri sana, na nakiri nilifurahi, gari limenyanyuka, limekaa kibabe, hata mteja wangu mmoja wa upande wa Zambia aliyekuwa anavuka barabara alinipungia na kunisalimia kwa Kibemba chao, mulishani batata, akaonyesha magurudumu kwa kidole. Nilikunja kwenda Iyula nikiwa mtu mkubwa.

Tulipofika, mama alitoka ndani amevaa kitenge cha zambarau na blauzi nyeupe, amenyooka, na goti lake lile. Nyuma yake wakatoka wenzake wawili wa kwaya, wanawake wenye afya zao, ambao hakuna aliyeniambia kuwa nao wanakuja. Mama akakaa mbele kwa ajili ya goti, wale wawili nyuma pamoja na mke wangu. Gari likashuka. Nililisikia likishuka.

Kwenye kona ya kwanza tu likaanza kukwaruza, sauti ya mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Ningesimama pale, tuko bado karibu na nyumbani, nikawaomba wawili wapande bodaboda, mambo yangeisha. Lakini namna gani nimwambie mama mkwe wangu kwamba gari nililokuja nalo kwa mbwembwe haliwezi kubeba wenzake? Nikaongeza sauti ya kwaya kwenye redio. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani, mmoja wa wale akina mama akauliza kama kuna mtu anachoma kitu, nikasema ni breki mpya, huwa zinanukia. Mke wangu nilimwona kwenye kioo anaangalia nje, kwenye mashamba ya watu.

Kati yetu na kanisa lilikuwepo gulio, na siku hiyo lilikuwa limejaa hasa. Nilipofika katikati mbuzi akakatiza, nikakata usukani kushoto, tairi likang'ata madigadi, likakataa kurudi, na gurudumu lote likaingia kwenye korongo lililochimbwa na mvua za masika. Ulilia mlio uliofanya wauza nyanya wainame. Kisha kukawa kimya, isipokuwa kwaya yangu redioni, inaimba kwa nguvu zote.

Nikashuka. Tairi lilikuwa limepasuka ubavuni na rimu ile nzuri imepinda kama kisahani cha bati. Watu wakaanza kukusanyika. Nikatoa jeki, nikatoa tairi la akiba, lile dogo la zamani, nikachuchumaa kufungua nati, na hapo nikagundua kwamba nati za rimu mpya ni nyembamba zimezama ndani, na wili spana yangu haiziingii. Nikajaribu kulazimisha. Nikachuchumaa zaidi, nikavuta kwa mwili mzima, na suruali ya suti yangu, suti ya harusi yangu mwenyewe, ikachanika nyuma kuanzia kwenye mkanda mpaka karibu na goti.

Kwetu sisi mkwe wa kiume na mama mkwe wana mipaka. Hamtazamani ovyo, hamgusani, hata kupitishiana sahani kuna namna yake. Na mimi nilikuwa nimempa mgongo, nimechanika, mbele ya gulio zima. Kicheko kilianzia kwa wauza dagaa kikasambaa. Sikuthubutu kugeuka. Nilitamani lile korongo liendelee kuchimbika.

Ndipo nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa, na sauti ya mama, ya chini kama siku zote, inamwita mke wangu. Alikuwa ameangalia upande wa pili kabisa, mke wangu ndiye aliyenieleza baadaye, ameangalia milimani kama mtu anayepima mvua, huku anafungua kitenge cha juu alichokuwa amejifunga.

"Mpe baba Neema ajifunge," akasema. "Vumbi la hapa litamharibia suti."

Vumbi. Mwanamke aliyekuwa anachelewa siku yake kubwa, anachelewa kwa sababu yangu, akapata nafasi ya kutafuta neno ambalo lingenifunika. Nikajifunga kile kitenge kiunoni. Na watu, sijui kwa nini, vicheko vikapungua, nadhani kwa sababu jinsi alivyolisema ilikuwa vigumu mtu kuendelea kucheka bila kumcheka yeye.

Kisha akaangalia barabara. Jamaa mmoja wa makamo alikuwa anapita na guta, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, amepakia magunia ya mahindi. Mama akamsimamisha kwa mkono, akamweleza kwa Kinyiha, yule jamaa akavua kofia. Wale wenzake wa kwaya wakapanda wakicheka, mke wangu akapanda, ila mama goti likamgomea. Akajaribu mara ya kwanza, likakataa. Hapakuwa na mwanaume wa nyumba ile karibu isipokuwa mimi, na mimi nilisimama pembeni na kitenge changu, nimeinamisha kichwa, sijui niende wapi.

"Baba Neema," akaniita. "Njoo unishike mkono."

Sikuamini. Nikaangalia watu, nikamwangalia mke wangu.

"Leo wewe ni mwanangu," akasema. "Nishike, tunachelewa."

Nikamshika, nikampandisha. Mkono wake ulikuwa mgumu kuliko wangu. Alikaa juu ya magunia, mgongo umenyooka, akaniashiria na mimi nipande, na guta likaondoka huku wenzake wameanza wimbo, na bibi mmoja muuza viazi akasimama kumpisha kana kwamba amepita mkuu wa wilaya. Nimeona misafara mingi Tunduma, magari meusi na ving'ora. Sijaona aliyeketi vizuri kama yule.

Tulifika watu wameshaanza kutoka nje kutuangalia. Mchungaji mkuu mwenyewe akaja kumpokea kwenye guta. Mama alisimikwa, na alipopewa nafasi ya kusema mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele la familia, suti juu, kitenge cha zambarau chini, jasho linanitoka, maana habari ilikuwa imeshafika kabla yetu na nyuso nyingi zilikuwa zinangoja. Akawashukuru waliomchagua, na waliompinga pia akawashukuru kwa kubaki. Halafu akasema, "Namshukuru mkwe wangu aliyenileta." Akawaangalia watu mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyelia.

Kwenye chakula alimtuma mtu aniambie nimsogelee. Akaniuliza, macho yake yako kwenye sahani, kama yale magurudumu madogo bado ninayo. Nikasema ninayo. Akaniambia kwamba mwaka ule alipoanguka na kuvunja mguu, nilipompeleka hospitali usiku wa mvua, alikuwa amelala kiti cha nyuma anangoja kila shimo limuumize, na mashimo hayakumuumiza. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa safari ile. "Yale ni magurudumu mazuri," akasema, akaendelea kula.

Jumatatu nikaenda gulioni na fundi, nikayarudisha yale madogo kwenye gari. Zile kubwa tatu zilizobaki nzima nikamrudishia mwenye duka bila hata kubishana naye. Nimeapa, na naapa tena mbele yenu, sitafunga kwenye gari lile kitu chochote ambacho kazi yake ni kuangaliwa tu. Vijana wa pale mpakani wananiuliza sana, bosi, kwa gari kama hili niweke ndogo au kubwa, na wanataka niwaambie habari za inchi. Mimi nawauliza mama zao wanakaa wapi, na barabara ya kwenda kwao ikoje.