Ushauri wa Bi Nyundo

Bi Nyundo hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu boti, na kisasi chake kilikuwa kitamu kwa sababu hiyohiyo: alilipiza kwa kusema kweli tupu.

Jina hilo alipewa na mafundi wa yadi ya boti kando ya ziwa, kwa ajili ya kazi yake. Alikuwa mkaguzi. Mtu akitaka kununua boti iliyokwisha kutumika, humwita yeye kwanza, naye huizunguka na kinyundo kidogo cha plastiki, anagonga ubavu shibiri kwa shibiri na kusikiliza. Pakiwa pazima, mlio ni mkavu. Pakiwa pameoza kwa ndani, mlio hufifia, kama mtu anayebisha hodi kwenye godoro. Akishatamka neno lake, hakuna wa kubishana naye.

Yaani hakuna isipokuwa mmoja. Kaka yake wa tumbo moja alimtangulia kuzaliwa kwa miaka sita na kujiona amemtangulia kwa sitini. Huyo ukimwambia kushoto, anakwenda kulia hata kama kulia kuna shimo. Utotoni Bi Nyundo alimwambia ngazi ya stoo imelegea. Akaipanda, akavunjika mkono. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La asiyesikia la mdogo waliliacha, labda kwa kuwa hawakuwa na kaka kama huyu. Ukubwani akamwambia kiwanja fulani hujaa maji kila mvua ikinyesha. Akakinunua wiki ileile, akajenga nyumba ya kupangisha, na wapangaji wa kwanza wakawa vyura.

Hayo angeyacheka. Lisilochekeka lilikuwa la karakana. Baba yao alikuwa fundi wa boti, na Bi Nyundo alifanya kazi naye miaka kumi na mmoja, mpaka wateja wakawa wanamuuliza yeye kabla ya kumuuliza mzee. Baba alipofariki, machozi hata hayajakauka, kaka aliitisha kikao cha familia. Akasema mbele ya mashangazi na wajomba, "Karakana si kazi ya mwanamke. Huyu ataolewa, atatuachia kutu." Ikauzwa kwa muuza vigae. Bi Nyundo alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na hakuna aliyegeuza shingo kumuuliza anaonaje. Tangu siku hiyo kinyongo kilimkaa kifuani, miaka kumi na sita, wala hakutaka kitoke.

Basi Alhamisi moja asubuhi kaka akaingia yadini. Alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Amevaa raba nyeupe pe, na kichwani kofia ya nahodha, ya dukani.

"Nataka boti ya matembezi," alisema. "Yenye vitanda, jiko na choo. Wikendi nampandisha wifi yako na wajukuu, tunazunguka visiwa. Ile yenye mstari wa bluu wanaiuza, na kuna nyingine za kukodi. Wewe unaonaje, ninunue au nikodi?"

Bi Nyundo akaliona jambo zima kwa mara moja, likiwa limeiva kama embe. Hakuhitaji kumdanganya. Alihitaji kumwambia kweli tu, kwa sauti, mbele za watu.

"Kodi, kaka," alisema, na mafundi wakaacha kupiga msasa. "Utaitumia siku ngapi kwa mwaka?"

"Kila wikendi!"

"Wewe? Wikendi una harusi, una misiba, una mgongo. Siku kumi na mbili, na hapo nimekupendelea. Kwa siku hizo unakodi, unapewa boti safi, tangi limejaa, jioni unarudisha funguo unakwenda kulala. Ukinunua, na zile siku mia tatu na ushee zilizobaki boti bado ni yako. Gati unalipia, bima unalipia. Kila mwaka inatolewa majini ikwanguliwe mwani na kupakwa rangi chini. Betri zinakufa kwa kukaa bure, magodoro yanaota ukungu. Watu husema vyaelea vimeundwa. Wasichosema ni kwamba vinaundwa tena kila mwezi."

"Na boti yenyewe je?"

"Nimeigonga wiki jana, ni nzima. Tatizo ni wewe. Huna mkono wa boti, kaka. Hujawahi kuwa nao."

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa ya ukaguzi. Aliyatia kama pilipili. Shingo ya kaka ikatutumka, akamgeukia mwenye yadi na kusema, "Naichukua. Jumatatu naleta hela." Bi Nyundo akazunguka nyuma ya banda, akashika ukuta, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Ukafuata mwaka mtamu. Dirisha la ofisi yake lilitazama gati, na ingawa Jumamosi haikuwa siku yake ya kazi, hakukosa hata moja. Kaka naye hakukosa, mvua au jua. Betri zilikufa, kama alivyoambiwa. Ukungu uliota, kama alivyoambiwa. Wajukuu walipanda mara moja, mdogo akatapika juu ya mito mipya, wasirudi tena. Kofia ya nahodha ilichukuliwa na upepo. Mzee wa watu akabaki peke yake, amepiga magoti, anasugua sakafu kwa brashi, na kila baada ya nusu saa anasimama mlangoni kwa dada yake.

"Pampu ya kutoa maji inawashwa wapi?"

"Kwenye swichi."

"Swichi ipi?"

"Iliyoandikwa pampu."

Roho ya Bi Nyundo ilisuuzika. Alikunywa chai yake polepole ili isiishe kabla ya tamasha. Wakati mwingine kaka alijikalia kizingitini kupumzisha mgongo, akauliza, "Hivi baba alikuwa anaanza kupaka rangi mbele au nyuma?" Naye alijibu, "Si uliiuza karakana," wala hakuinua kichwa.

Jumatano moja wifi yake akaja, peke yake.

"Wifi, nisaidie. Daktari amemkataza kaka yako kuinama. Mwambie aiuze hiyo boti."

"Nilimwambia asinunue. Yadi nzima ni shahidi."

"Najua. Alirudi nyumbani akanisimulia neno kwa neno, siku kumi na mbili, ukungu, yote. Nikamwambia, basi si ukodi? Akasema, yote aliyosema dada ni kweli, hakuna anayejua boti kama yeye. Lakini nikikodi, narudisha funguo na kwaheri. Nikinunua, nitakuwa na sababu ya kwenda kwake kila Jumamosi." Wifi akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Kuomba radhi hajui. Hilo hata wewe unalijua."

Kama unadhani moyo wa Bi Nyundo ulilainika, humjui. Aliwaka kwa hasira. Kaka alichukua karakana, sasa kachukua mpaka kisasi! Mwaka mzima amekaa dirishani akidhani anamkomoa mtu, kumbe mtu mwenyewe alijileta kukomolewa, kwa hiari yake, na brashi yake mkononi.

"Mwambie Jumamosi asije," alisema. "Wala Jumamosi nyingine yoyote. Sitaki kumwona hapa."

"Wifi jamani..."

"Mwambie hivyohivyo. Mwambie nimesema mimi."

Akalala vizuri usiku ule, na ule uliofuata, maana alimjua kaka yake. Neno lake halijawahi kumzuia mtu yule kufanya jambo. Angekuja, tena mapema, na safari hii asingejibiwa habari za swichi. Angeambiwa habari za kikao, na kiti cha plastiki, na lori lililobeba vifaa vya baba, miaka kumi na saba yote, ana kwa ana, mpaka aseme neno.

Jumamosi Bi Nyundo alifika yadini kabla ya saa moja. Hakunywa chai. Saa nne alitoka akasimama gatini. Saa sita fundi mmoja akamuuliza kama anamsubiri mtu, akamwambia ashike kazi yake. Saa kumi na moja wakaanza kufunga mageti, na boti yenye mstari wa bluu ilikuwa bado imefunikwa turubai lake.

Kaka hakuja. Tangu wazaliwe, ilikuwa mara ya kwanza kufanya alichoambiwa na mdogo wake.