Jembe Linaisha Lini?

Jumanne ya kwanza ya Julai. Baridi na upepo tangu alfajiri. Jua lipo ila halipashi. Hata kalamu ilikataa kuandika mpaka nilipoipasha kwapani.

Leo nimegundua kitu. Huenda nimekosea, maana darasa la saba si chuo kikuu, lakini acha niandike.

Nafanya kibarua kwa dada mmoja mtafiti aliyepanga chumba Majengo. Anapima jembe moja linapunguza kiasi gani cha mawe ya chuma yaliyomo ardhini kila mwaka. Ukishajua mawe yaliyochimbwa kulitengeneza, unayagawa kwa miaka ambayo jembe linafanya kazi. Mimi napita nyumba kwa nyumba hapa kijijini kwetu Kate, mizani mkononi, napima majembe na kuuliza: linaisha baada ya miaka mingapi? Karibu wote wamesema miwili. Nimeandika miwili. Ijumaa dada anaituma hesabu.

Asubuhi nikaingia kwa mhunzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe! Nasikia unapima majembe kama watoto wa kliniki."

Nilicheka. Alikuwa anakata jembe kuukuu, analigeuza mundu.

"Mzee, hilo si limeisha?"

"Limeisha kwenye matuta. Nani kakwambia limeisha kazi?"

Nilisimama kama mti. Huku kwetu jembe likishindwa kuinua matuta tunasema limeisha. Kisha linapalilia miaka, likizidi kuwa dogo linakuwa mundu, au kisu. Nimezaliwa humu, nayajua haya yote, na bado nikaandika miwili! Swali sikulitunga mimi, ni kweli. Lakini aliyepaswa kuuliza "limeishaje?" ni mimi.

Nikampigia dada pale pale, nikijua huenda akaniachisha kazi.

"Dada, fomu zina makosa. Ni mimi."

"Zote?"

"Nadhani zote."

Nikamweleza. Alipiga kelele mpaka mhunzi akageuka.

"Unajua ulichokipata? Miaka ikiongezeka, mawe yanayoliwa kila mwaka yanapungua! Ijumaa isubiri. Rudia nyumba zote!"

"Mimi?"

"Sasa nani tena?"

Mhunzi akasema, "Umefukuzwa?" Nikasema hapana, nikaondoka karibu mbio.

Nisipendelee upande: nyumba ya kwanza niliyorudia, jembe lao lilivunjika likatupwa chooni. Hapo miwili ni miwili, nimeiacha. Ya pili, jembe lilelile linapalilia mwaka wa tano.

Jioni mama alishika kisu chake kipana akate kabichi. Nikamdaka mkono.

"Mama, hiki kilikuwa nini?"

"Jembe la bibi yako. Lete, moto unazimika."

"Subiri nikipime."

"Mwanangu, watu wana njaa!"

Nilikipima, nikaandika, ndipo nikamrudishia. Tumekula ugali wa ulezi, maharage na kabichi, kwa kuchelewa kidogo.